Tumejenga Kalenga ndani ya kompyuta: tuifungasheje ifunguke kwenye Windows, Ubuntu, Mac na simu?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha historia kwenye sekondari moja nje kidogo ya mji wa Iringa, na klabu ya kompyuta niko nayo mimi. Pamoja na vijana tumejenga dunia pepe kwa kutumia Luanti, programu ya bure ya kujenga dunia za matofali, ile iliyokuwa ikiitwa Minetest. Tumeweka ngome ya Kalenga jinsi tunavyoifikiria kabla Wajerumani hawajaiteka mwaka 1894, na kando yake nguzo za Isimila. Sasa shule jirani wanaitaka, na shida imeanzia hapo. Nilinakili faili la exe kwenye flashi nikaenda nalo, likagoma, likasema kuna DLL haipo. Kijana mmoja aliyemaliza chuo alikuwa ameturekebishia injini ili kwenye menyu itokee picha na jina la shule yetu. Akatutengenezea toleo la Ubuntu kwenye laptopu yake, lakini kwenye mashine zetu linasema GLIBC_2.38 haikupatikana. Rafiki yake akatengeneza la Mac kwa ajili ya laptopu ya mkuu wa shule, Mac ikasema programu imeharibika. La Windows lilipofika shule ya pili, antivairasi ikalifuta. Mashine zetu nyingi ni za zamani, zina Windows 7. Wanafunzi nao wanauliza kama wataweza kuifungua likizo kwenye simu za wazazi. Je, ni lazima programu iandikwe upya kwa kila mfumo? Nimeshauriwa tuweke Windows ya aina moja kila mahali tuachane na haya mengine. Ni kweli?

Kamwene, mwalimu. Nianze na swali lako la mwisho ili upumue: hapana, hakuna cha kuandika upya, wala hamlazimiki kuweka Windows kila mahali. Kazi ya vijana wako ni nzima, na ilivyo sasa hivi inaweza kufunguka kwenye Windows, Ubuntu na Mac, na kwa maandalizi zaidi kwenye simu za Android. Kinachowasumbua ni kwamba mmekuwa mkihangaika kugawa injini, wakati cha kwenu cha kugawa ni kile mlichokijenga juu ya injini hiyo.

Mnachokiita kwa jina moja "programu yetu" ni vitu vitatu vinavyokaa folda moja. Cha kwanza ni injini, yaani Luanti yenyewe. Ndiyo inayochora picha, inayopokea vibonyezo na kuongea na mtandao. Imeandikwa kwa lugha ya C++. Perttu Ahola wa Finland aliianza mwaka 2010 kwa jina la Minetest, na mwaka 2024 mradi ukachukua jina la Luanti. Cha pili ni mchezo na modi zake, yaani nyongeza zinazoupa tabia: tofali la udongo linaonekanaje, mlango unafungukaje, mlinzi wa ngome anasema nini ukimsogelea. Hayo yameandikwa kwa Lua, yakiambatana na picha za png na sauti za ogg. Cha tatu ni dunia, yaani kila tofali na mahali lilipowekwa, na hiyo imo kwenye faili liitwalo map.sqlite.

Kati ya hivyo vitatu, kinachojali mfumo endeshi ni injini peke yake. Lua ni maandishi ya kawaida ambayo injini huyasoma pale unapofungua mchezo, kwa hiyo maandishi yaleyale yanasomeka Windows, Linux (ambayo Ubuntu ni aina yake mojawapo), Mac na Android. Faili la SQLite nalo limeundwa makusudi liwe na umbo moja kila mahali: lililoandikwa na mashine ya biti 32 linasomwa na ya biti 64, na lililotoka kwenye kompyuta linasomwa na simu. Ukuta wa Kalenga mlioujenga Iringa unaweza kubebwa ulivyo mpaka Njombe ukafunguliwa kwenye Mac, na lisipungue hata jiwe.

Sasa kwa nini injini ndiyo inasumbua? Prosesa haisomi C++. Msimbo hukompailiwa kwanza, yaani hugeuzwa kuwa amri za prosesa ya aina fulani, kisha amri hizo hufungwa ndani ya faili lenye umbo ambalo mfumo mmoja tu unalitambua. Jaribuni hili darasani, vijana watalipenda: fungueni faili lolote la exe kwa Notepad. Mtaona takataka tupu, lakini herufi mbili za mwanzo kabisa zitakuwa MZ. Fungueni programu ya Linux kwa namna hiyo hiyo, mtaona neno ELF karibu kabisa na mwanzo. Mac ina umbo lake jingine, linaitwa Mach-O. Windows ikipewa ELF haijui ianzie wapi, na Linux ikipewa MZ ni vivyo hivyo. Ndiyo maana msimbo mmoja wa C++ hukompailiwa mara nyingi, mara moja kwa kila mfumo na kila aina ya prosesa. Hakuna anayeuandika upya, anaukompaili upya. Tena kwa Luanti kazi hiyo imeshafanywa na wenye mradi na hutolewa bure.

Tukirudi kwenye makosa yako moja moja, la DLL ndilo jepesi. Injini haifanyi kila kitu yenyewe. Inategemea maktaba za watu wengine: SDL2 kwa dirisha na kibodi, OpenAL kwa sauti, FreeType kwa herufi, zlib na zstd kwa kubana data, SQLite kwa kuhifadhi, na nyingine kadhaa. Kwenye Windows maktaba hizo hukaa kama mafaili ya DLL pembeni ya exe, ndani ya folda iitwayo bin. Uliponakili exe peke yake ulimpeleka fundi kazini ukaacha sanduku lake la vifaa nyumbani. Nakili folda nzima ya Luanti jinsi ilivyotoka kwenye zip na kosa hilo hulioni tena. Angalieni pia msiifungue programu mkiwa bado ndani ya zip. Windows hukuonyesha yaliyomo kana kwamba ni folda ya kawaida, mtu akabofya exe, na kosa likawa lilelile. Toeni kwanza mafaili yote nje ya zip, ndipo mfungue.

Kosa la GLIBC linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu watu wengi hulielewa kinyume. Programu karibu zote za Ubuntu huegemea maktaba kuu iitwayo glibc, na maktaba hiyo hukua mwaka hadi mwaka. Ubuntu 20.04 ina glibc 2.31, Ubuntu 22.04 ina 2.35, Ubuntu 24.04 ina 2.39. Walioitengeneza wameahidi upande mmoja tu: kilichokompailiwa zamani kitafunguka kwenye mfumo mpya. Upande wa pili haukuahidiwa. Kijana wenu alikompaili kwenye laptopu yenye mfumo mpya, programu ikadaka vitu vilivyoingia glibc 2.38, na mashine zenu za nyuma ya hapo hazina vitu hivyo. Kwa hiyo hakukosea msimbo hata kidogo. Alikosea mahali pa kukompailia. Anayetengeneza kifurushi cha Linux cha kugawia watu hukompaili kwenye mfumo mkongwe kuliko yote anayotaka kuihudumia. Tafadhali msijaribu kuchukua glibc mpya mtandaoni na kuilazimisha ndani ya Ubuntu ya zamani. Kila kitu kwenye mfumo huo kinaiegemea, na mashine inaweza isiwake tena.

Mac kusema programu "imeharibika" kunatisha, lakini mara nyingi faili lenyewe ni zima. Apple hutaka programu iliyopakuliwa mtandaoni iwe na saini ya mtengenezaji aliyesajiliwa, na tangu macOS 10.15 ya mwaka 2019 inataka pia iwe imepitishwa kwao ikaguliwe. Usajili huo ni dola 99 za Marekani kila mwaka. Rafiki wa yule kijana hakulipa, na kwa klabu ya shule sioni sababu ya kulipa. Chukueni toleo rasmi la Mac kwenye tovuti ya Luanti, mkiangalia kama laptopu ya mkuu ina prosesa ya Intel au zile za Apple zilizoanza kutoka Novemba 2020. Mac ikisita hata kwa hilo la rasmi, kwa kawaida kwenye mipangilio ya faragha na usalama kuna kitufe cha kuiruhusu programu hiyo moja. Atakayewaelekeza kuzima ulinzi wote wa Mac msimsikilize.

Kwa antivairasi nasema hivyohivyo. Exe isiyo na saini, iliyokompailiwa nyumbani, ambayo haijawahi kuonekana kwenye kompyuta nyingi, hutiliwa shaka kwa sababu virusi navyo huja kwa sura hiyo. Wewe mwenyewe unajua flashi zinavyozunguka shuleni, folda zikageuka njia za mkato na mafaili yakapotea. Sitakwambia uzime antivairasi. Tumia toleo rasmi, kisha hakikisha nakala iliyofika shule ya pili ni ileile iliyotoka kwenu. Windows ina amri ya certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256. Ubuntu ina sha256sum. Mac ina shasum -a 256. Zote hutoa mfuatano mmoja wa herufi na tarakimu kwa faili moja. Uandikeni kwenye karatasi inayoambatana na flashi. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili limeguswa au limekatika njiani.

Umeona basi kwamba karibu matatizo yote yametokana na kutengeneza injini yenu wenyewe. Na mliitengeneza kwa ajili ya nini? Picha na jina la shule kwenye menyu. Mwalimu, hilo halihitaji C++ kabisa. Kila mchezo wa Luanti una folda yake ndani ya folda iitwayo games, na mnaweza kuweka humo folda ndogo ya menu yenye header.png kwa kichwa cha menyu, background.png kwa mandhari ya nyuma na icon.png kwa alama ya mchezo. Jina linalosomeka huandikwa kwenye game.conf. Kama kijana aliongeza pia maneno ya Kiswahili kwenye menyu, injini tayari ina tafsiri ya Kiswahili, ingawa haijakamilika. Badala ya kuweka maneno yenu ndani ya nakala yenu peke yenu, pelekeni tafsiri zenu kwenye mradi ili kila shule inufaike. Mshukuruni kijana huyo kwa moyo wake, kisha muiweke pembeni injini yake mrudi kwenye ile rasmi. Najua si rahisi kumwambia mtu aliyejitolea. Mwambie tu ujuzi wake bado mnauhitaji, kwa sababu kwenye modi kuna kazi nyingi inayomngoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulielewe kuliko mengine yote, kwa sababu linapunguza kazi yenu zaidi ya nusu. Luanti imejengwa kwa namna ya seva na wateja, yaani kompyuta moja inahudumia na nyingine zinajiunga nayo. Modi za Lua hukimbia kwenye seva. Mteja anapojiunga, seva humtumia maelezo ya matofali, picha na sauti zote anazohitaji, hapohapo. Maana yake ni kwamba kwenye maabara moja, Kalenga yenu inatakiwa kuwepo kwenye kompyuta moja tu. Nyingine zote zinahitaji injini tupu, kila moja ikitumia ile ya mfumo wake. Ubuntu, Windows na Mac ya mkuu zikikaa meza moja zitaingia kwenye ngome ileile, na wanafunzi wataonana humo.

Namna ya kufanya ni hii. Chagueni mashine yenye nguvu kuliko zote, na kama ni laptopu yenye betri nzima ni bora zaidi, maana umeme ukikatika dunia haikatwi katikati ya kuhifadhi. Fungueni dunia yenu hapo huku mkiweka alama kwenye chaguo la kuwa seva, lakini msiweke alama kwenye lile la kuitangaza seva mtandaoni. Windows itauliza kama programu iruhusiwe kwenye mtandao. Kubalini kwa mtandao binafsi pekee. Mashine nyingine ziandike anwani ya IP ya ile seva na poti 30000, ambayo ndiyo ya kawaida ya Luanti na hutumia UDP, aina mojawapo ya mawasiliano ya mtandao. Swichi ya kawaida na nyaya zinatosha, au ruta ya Wi-Fi. Bando halihitajiki hata kidogo, kwa sababu hakuna kinachotoka nje ya chumba.

Na kwa kuwa wageni watakuja, walindeni ukuta. Kwa desturi kila anayeingia hupewa ruhusa mbili, interact ya kugusa na kujenga, na shout ya kuandika ujumbe. Kwenye mipangilio ya seva wekeni default_privs iwe shout peke yake, na anayeingia kwa mara ya kwanza atatembea, ataona na ataandika ujumbe, ila hataweza kubomoa wala kujenga. Waliokwisha kuingia kabla ya hapo ruhusa zao zinabaki. Hao mtawaondolea kwa amri ya /revoke. Milango mnayotaka wapite iacheni wazi, kwa sababu asiye na interact hafungui mlango pia.

Matoleo ya injini si lazima yafanane kwa kila namba. Mteja wa mfululizo wa 5 huweza kujiunga na seva ya mfululizo wa 5, ingawa wa zamani anaweza asione baadhi ya mambo mapya. Kinachokatika kabisa ni ule mfululizo wa 0.4, kwa sababu toleo la 5.0 lililotoka mwaka 2019 lilibadilisha namna ya kuwasiliana. Angalieni hili kwenye mashine za Ubuntu zilizowekwa miaka mingi iliyopita: Ubuntu 18.04 ilikuja na 0.4.16 kwenye hazina yake ya programu, na hiyo haitaingia kwenye seva yenu hata mkihangaika kutwa nzima.

Shule jirani wakiwa na maabara yao, wanahitaji nakala ya mchezo na dunia ili nao wawe na seva yao. Hapa ndipo ufungashaji wenu halisi ulipo, na hapa ndipo ninapotaka muwe makini, maana makosa ya hapa hayatokei kwenye mashine yenu. Yanatokea kwa wenzenu.

Kubwa ni herufi kubwa na ndogo. Kwenye Windows, Nyumba.lua na nyumba.lua ni faili moja. Mac nayo kwa kawaida ndivyo inavyochukulia. Linux huona mafaili mawili tofauti. Kijana akiandika kwenye modi dofile, amri ya Lua ya kuita faili jingine, inayoita Nyumba.lua wakati faili limehifadhiwa kama nyumba.lua, kwenu kwenye Windows kila kitu kitakwenda, na shule yenye Ubuntu watapokea kosa wasilolielewa. Dawa ni kuamua kwamba majina yote ya mafaili, ya msimbo na ya picha, yaandikwe kwa herufi ndogo, bila nafasi, na atakayekiuka arekebishe siku hiyohiyo. Ndugu wa karibu wa kosa hilo ni njia ya faili iliyoandikwa kwa ukamilifu. Nimeona modi za wanafunzi zenye njia inayoanzia C na jina la mtumiaji wa kompyuta fulani. Haiwezi kufanya kazi kwingine popote. Luanti ina core.get_modpath kwa kazi hiyo, na mkwaju wa kawaida, ule wa kulalia mbele (/), unakubalika kwenye mifumo yote, Windows ikiwemo.

Kabla ya kunakili dunia, fungeni mchezo kwanza. Kunakili map.sqlite wakati seva inaandika kunaweza kuwapa nakala iliyokatika. Kisha kwenye nakala ya kugawa, siyo ya kwenu, futeni auth.sqlite na players.sqlite. La kwanza lina majina ya wanafunzi wenu na data ya nywila zao, la pili lina mahali walipoishia na mizigo yao. Injini itayatengeneza mapya yenyewe. Fungueni pia world.mt kwa Notepad muangalie mstari wa gameid. Jina lililopo hapo lazima lilingane na folda ya mchezo ndani ya games. Mtu akiipa folda hiyo jina jipya kwa kupenda tu, dunia haitapata mchezo wake. Na msisahau kuutia mchezo wenyewe kwenye kifurushi. Kama mlijenga juu ya Minetest Game, ule mchezo wa msingi, siku hizi injini haiji nayo tena, kwa hiyo anayepokea dunia bila mchezo amepokea faili asiloweza kulifungua.

Faili la dunia likiwa kubwa mno kwa flashi, sababu mara nyingi ni kwamba wanafunzi walitembea mbali na kila walikopita injini ikazalisha ardhi na kuihifadhi. Punguzeni mapema kwa mpangilio wa mapgen_limit, na ardhi isiyotakiwa iondolewe kwa amri ya /deleteblocks, mkiwa mmeshaweka nakala ya akiba, ila faili la SQLite halipungui ukubwa mpaka lipitishwe amri yake ya VACUUM. Fungeni vyote kwenye zip moja. Flashi nyingi zina muundo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi GB 4 na pia hautunzi alama ya Linux inayosema faili hili ni programu. Zip huwaepusha na usumbufu huo wa pili, mradi itolewe ndani ya mashine na si juu ya flashi.

Wanaopokea kwenye Windows wataweka mchezo kwenye folda ya games na dunia kwenye worlds, ndani ya folda ileile ya Luanti waliyoitoa kwenye zip. Kwenye Ubuntu, kwa matoleo mengi, mahali pake ni folda iliyofichwa iitwayo .minetest ndani ya folda ya mtumiaji. Jina la zamani limebaki. Aliyesakinisha kwa Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu za Linux, atakuta folda yake kwingine, ndani ya .var. Flatpak ni njia nzuri ya kupata toleo jipya kwenye Ubuntu ya zamani, kwa sababu huja na maktaba zake na kulikwepa lile tatizo la glibc, ila mara ya kwanza hula bando sana. Pakueni kwenye mashine moja, kisha mtumie amri ya flatpak create-usb kuzihamishia nyingine kwa flashi.

Kuhusu simu, msitengeneze APK yenu, yaani faili la kusakinisha programu kwenye Android. APK lazima isainiwe kwa ufunguo wenu, na mkiupoteza ufunguo hamtaweza tena kuwapa watu toleo jipya juu ya lile walilo nalo. Luanti ipo Google Play na F-Droid, duka la programu huria za Android. Shida ni kupeleka mchezo wenu ndani ya simu, kwa sababu Android za kuanzia 11 zinafunga sana folda za programu. Njia safi ni kuuweka mchezo kwenye ContentDB, hazina rasmi ya Luanti, ambapo mtu huupakua akiwa ndani ya programu yenyewe, iwe kwenye simu au kompyuta. Kuna masharti mawili. ContentDB hupokea michezo, modi na vifurushi vya picha, haipokei dunia. Kwa hiyo itabidi majengo ya Kalenga yahifadhiwe kama skima za mts, yaani mafaili ya ramani ya jengo, na modi iyasimamishe mchezo unapoanza. Ni kazi ya wiki kadhaa kwa klabu, na ni kazi nzuri ya kujifunzia. Sharti la pili ni kila kitu kilichomo kiwe na leseni inayoruhusu wengine kukigawa na kukirekebisha, na leseni huru ndiyo bora. Kama kuna picha mlizipiga ndani ya makumbusho ya Kalenga mkazigeuza kuwa sura za kuta, ombeni ruhusa kwanza.

Ule ushauri wa kuweka Windows moja kila mahali nauelewa. Mashine zikifanana, kazi ya kuzitunza inapungua, na hilo ni kweli. Ila Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zenu nyingi hazitatimiza masharti ya Windows 11. Kwenye mashine hizo kuukuu ningeweka Linux nyepesi yenye mazingira ya Xfce, yaani sura ya skrini isiyokula nguvu nyingi. Kwanza angalieni prosesa: kompyuta nyingi zenye Windows 7 ya biti 32 zina prosesa ya biti 64 ndani yake, na hizo zinapokea Linux nyingi za sasa. Ambazo kweli ni za biti 32, Debian 12, mojawapo ya matoleo ya Linux, ndiyo ya mwisho yenye kisakinishi cha mashine hizo, kwani Debian 13 ya mwaka 2025 imekiacha. Na kwa zile mtakazobakiza na Windows, sakinisheni dereva halisi ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo. Windows ikitumia dereva yake ya jumla hutoa OpenGL 1.1 tu, toleo la zamani la njia ambayo programu hutumia kuchora picha, na hiyo haitoshi kuchora dunia yenu hata kama mashine yenyewe ina nguvu.

Ikitokea siku moja mna sababu ya kweli ya kubadilisha C++, msikompaili kwenye laptopu za watu. Wekeni msimbo hadharani kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, ambako miradi ya wazi hupewa bure mashine za Windows, Linux na Mac za kukompailia, na kijana wenu atakuwa anatuma mabadiliko madogo tu kwa bando dogo. Leseni ya injini ni LGPL 2.1, kwa hiyo mkiigawa iliyobadilishwa lazima anayepokea apate pia msimbo mliobadilisha.

Kuna mambo ambayo singekushauri uyafanye kwa kusoma maandishi yangu peke yake. Kufuta Windows kwenye maabara nzima ni mojawapo. Mwite mtu akae nanyi, ajaribu kwenye mashine moja kwanza. Chuo Kikuu cha Iringa kiko hapo mjini, na huku Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Andikeni barua kwa idara zao za TEHAMA muombe wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. La pili ni kuifungulia seva intaneti ili shule ziingie kutoka mbali. Hapo watoto wanakutana na watu wasiowajua, na mnahifadhi taarifa zao; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu. Hilo lizungumzwe na mkuu wa shule, wazazi, na fundi wa mtandao aliyeko mezani nanyi.

Ikigoma tena, usinitumie picha ya skrini. Tafuta faili liitwalo debug.txt, kwenye Windows linakaa ndani ya folda ya Luanti, kwenye Ubuntu ndani ya .minetest, ukanitumie lote pamoja na aina ya mfumo na toleo la injini.